Goti la kijana anayekua na siku Abebe Bikila alipotoka barabarani

Wiki hii naanza na baba mmoja wa Mungaa, mkoani Singida, aliyemleta mwanawe kliniki. Kijana ana miaka 13, amerefuka ghafla kuliko wenzake, na ni winga wa timu ya shule. Kwa miezi mitatu alikuwa akilalamikia goti la kulia. Chini ya goti palikuwa pametokeza kinundu kigumu, na nilipokigusa alivuta mguu. Nyumbani alikuwa ameshakandwa kwa maji ya moto na kupakwa dawa ya kuchua, na bibi yake alikuwa ameshauri achanjwe chale.

Baba huyo hakuwa mkatili. Aliogopa jambo moja: mchujo wa UMITASHUMTA ulikuwa umekaribia, na alihofia mwanawe akiukosa mwaka huu atakuwa ameupoteza mpira moja kwa moja. Kwa hiyo kila kijana alipochechemea, baba alimsimulia habari za John Stephen Akhwari.

Habari hizo unazijua. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki mjini Mexico City, Akhwari wetu, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia goti. Alifungwa bendeji akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, akiwa wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Ni fahari ya Tanzania, na mimi mwenyewe hunisisimua kila ninapoikumbuka.

Lakini siku ileile, kwenye barabara ileile, alikuwapo mkimbiaji mwingine aliyeumwa mguu. Huyu alikuwa maarufu kuliko wote waliokuwapo, na yeye alisimama, akatoka barabarani, akaacha mbio. Nilimsimulia baba yule maisha ya mtu huyo, na leo nakusimulia wewe mzazi, nawe kijana unayesoma huku umeshika goti lako.

Jina lake ni Abebe Bikila. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Shewa, Ethiopia. Kwa bahati tu, siku hiyohiyo mbio ndefu za Olimpiki zilikuwa zikikimbiwa Los Angeles. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, familia yake ilihama na kujificha mbali na vita.

Utoto wake ungeweza kuwa wa mtoto yeyote wa Mungaa. Alitembea masafa marefu kwa miguu. Alicheza gena, mchezo wa asili wa kukimbiza mpira kwa fimbo, ambao magoli yake huweza kuwa mbali sana hata wachezaji wakavuka mashamba. Hakuna aliyempimia muda kwa saa, wala hakuna aliyemwambia kwamba akikosa mechi moja maisha yake yameharibika. Alicheza akapumzika, akakua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika Addis Ababa na kujiunga na Walinzi wa Mfalme kama askari wa kawaida. Huko alikutana na Onni Niskanen, Msweden mzaliwa wa Finland aliyekuwa akifundisha mazoezi ya viungo nchini humo. Niskanen ndiye aliyemwingiza katika mazoezi ya utaratibu. Angalia umri hapo, mzazi mwenzangu. Bikila alikuwa katikati ya miaka ya ishirini. Mifupa yake ilikuwa imeshamaliza kurefuka, na misuli na kano zake zilikuwa za mtu mzima. Mbio zake za kwanza za kilomita 42 alizikimbia Julai 1960, akiwa karibu kutimiza miaka 28.

Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Septemba 1960, alisimama kwenye mstari wa kuanzia mjini Roma. Viatu vipya alivyojaribu vilimbana na kumtoa malengelenge, akaamua kukimbia peku kama alivyozoea. Mbio zilianza jioni na kumalizika usiku, huku askari wameshika mienge kandokando ya barabara. Karibu na mwisho, jirani na mnara wa Aksum ambao Waitalia waliuchukua Ethiopia wakati wa uvamizi, alimwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco akaongoza peke yake. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mtu aliyewahi kuufikia. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka 1964 alikwenda Tokyo wiki tano hivi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Safari hii alivaa viatu na soksi. Alishinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi nyingine ya dunia, na baada ya kukata utepe alianza kujinyoosha viungo pale uwanjani kana kwamba ametoka kwenye mazoezi mepesi. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda mbio hizo za Olimpiki mara mbili.

Kwa hiyo alipofika Mexico mwaka 1968 akiwa na miaka 36, dunia nzima ilimtazama. Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu. Alianza pamoja na wenzake, na baada ya takriban kilomita 17 akaacha. Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde, aliendelea na kushinda. Wolde naye alikuwa na miaka 36.

Hakuna aliyemwita Bikila mvivu au mwoga. Aliyesimama pembeni mwa barabara ile alikuwa bingwa wa Roma na Tokyo, mtu aliyejua mwili wake kuliko watazamaji wote. Mwili wake ulimwambia mguu hautafika, naye akausikiliza.

Sasa turudi kwenye goti la kijana wa Mungaa. Tatizo la Bikila la mwaka 1968 lilikuwa la mtu mzima. La kijana wetu ni la mfupa unaokua, na linahitaji maelezo yake.

Weka kidole kwenye pia ya goti lako, kisha ukishushe kidogo mpaka ukute kijinundu cha mfupa juu ya ugoko. Misuli mikubwa ya mbele ya paja hushuka, hupita juu ya pia ya goti na kujishikiza hapo kwa kano nene. Kila unapopiga mpira, unaporuka au unapokimbia, kano hiyo huvuta mahali hapo. Kwa mtu mzima, hapo ni mfupa mgumu. Kwa kijana anayekua bado pana gegedu, sehemu laini inayoendelea kugeuka kuwa mfupa. Katika miaka ya kurefuka haraka, mfupa hutangulia na misuli hubaki nyuma ikiwa imekaza kama kamba fupi. Kamba hiyo ikivuta pale palaini mamia ya mara kila siku, panachubuka, panavimba na kuuma. Mwili hujaribu kupatengeneza kwa kuongeza mfupa, na ndipo kinundu hutokeza.

Ugonjwa huu huitwa Osgood-Schlatter, kwa majina ya madaktari wawili, Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zurich, ambao mwaka 1903 waliueleza kila mmoja kivyake. Huwapata zaidi vijana wanaocheza michezo ya kukimbia na kuruka: wavulana mara nyingi kati ya miaka 12 na 15, wasichana mapema kidogo, kwa sababu wao hutangulia kurefuka. Unaweza kushika goti moja au yote mawili. Hausababishwi na uchawi, upungufu wa kalsiamu au damu chafu, kwa hiyo usiuze kuku ili ununue vidonge vya kalsiamu kwa ajili ya goti hili.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu huisha wenyewe. Mfupa ukimaliza kukua pale, maumivu huondoka kwa walio wengi. Habari ngumu ni kwamba huweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine hadi mwaka mmoja au miwili, ukitulia na kurudi. Kinundu chenyewe huweza kubaki maisha yote bila kuuma. Kwa hiyo kazi yetu si kufukuza kinundu. Ni kumsaidia mtoto apite kipindi hiki bila mateso na bila kuumia zaidi.

Hapo ndipo masimulizi ya Akhwari yanapotumika vibaya. Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30, katika mbio za siku moja, na uamuzi ulikuwa wake mwenyewe. Mtoto wa miaka 13 anayelazimishwa kukimbia na goti linalouma hafanyi hivyo kwa siku moja. Anafanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na katikati yake anachota maji na kutembea kwenda shule. Goti halipati siku ya kupona. Kwa kijana mmoja mmoja, kipande kile cha mfupa huweza kung'oka kabisa wakati wa kuruka, na hapo tunazungumzia upasuaji.

Basi ufanye nini?

Kwanza, punguza michezo, usiifute. Kijana hahitaji kulazwa kitandani wala kufungwa plasta. Mwambie ayape maumivu alama, kuanzia 0 ambayo ni kutouma kabisa hadi 10 ambayo ni maumivu asiyoweza kuyavumilia. Mchezo ukileta maumivu ya 1 hadi 3, na kesho yake asubuhi yameisha, anaweza kuendelea kwa kiasi hicho. Yakizidi hapo, au akiamka anachechemea, apunguze. Wakati huo anaweza kutembea, kuendesha baiskeli taratibu kama hapaumi, au kufanya mazoezi ya kupiga pasi akiwa amesimama.

Pili, tumia ubaridi badala ya maji ya moto baada ya mchezo. Kama una barafu, ifunge kwenye kitambaa na uiweke pale panapouma kwa dakika 10 hadi 15. Usiiweke moja kwa moja juu ya ngozi. Kama huna friji, kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya mtungini kitamtuliza, na ukibadilishe kikipata joto.

Tatu, linda goti lisibonyezwe. Kijana mwenye ugonjwa huu hupata taabu sana anapopiga magoti. Akisali kanisani, akae kwenye benchi. Binti anayepiga goti kusalimia wakubwa aruhusiwe kuinama tu. Wakubwa wakielezwa wataelewa. Kazi za kuchuchumaa kwa muda mrefu, kama kufagia kwa ufagio mfupi au kuchambua mboga, azifanye amekaa kwenye kigoda. Ndoo ya lita 20 ibebwe na mwingine kwa kipindi hiki, au abebe dumu dogo.

Hapa nina ombi kwa walimu. Adhabu ya kupiga magoti na ile ya kuruka kichurachura ni sumu kwa goti hili. Kichurachura hukunja goti kabisa kisha hulivuta kwa nguvu zote pale palipo palaini. Nimewahi kuona kijana aliyeingia kwenye adhabu hiyo akichechemea kidogo, akatoka hawezi kutembea. Mzazi, omba barua kwa daktari uipeleke shuleni. Ni haki ya mtoto wako.

Nne, legeza misuli iliyokaza. Mazoezi haya hayahitaji kifaa chochote, na yafanywe kila siku maumivu yakishapungua. Asimame ameshika ukuta, akunje goti, ashike kifundo cha mguu kwa nyuma na kuvuta kisigino taratibu kuelekea makalio mpaka ahisi paja la mbele linavutika. Ahesabu hadi 30, arudie mara tatu kila mguu. Kisha alale chali kwenye mkeka, apitishe khanga chini ya unyayo, anyooshe goti na kuuvuta mguu juu mpaka nyuma ya paja pavutike. Ahesabu hadi 30 vilevile. Mwisho, akiwa bado amelala chali, akunje mguu mmoja na kuunyoosha mwingine, auinue ule ulionyooka hadi usawa wa goti lililokunjwa, ahesabu hadi tano na kuushusha taratibu, mara kumi. Zoezi likiumiza kinundu, apunguze kuvuta au aliache kwa siku chache.

Tano, kuhusu dawa. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha siku za maumivu makali. Ibuprofeni nayo husaidia, ila ni kwa siku chache, baada ya chakula, na baada ya kumuuliza mhudumu wa afya, hasa kama mtoto ana pumu, vidonda vya tumbo au matatizo ya figo. Usimpe mtoto aspirini. Usimpe dawa za maumivu ili tu acheze mechi. Hapo umezima kengele huku moto unawaka. Antibayotiki hazina kazi hapa kwa kuwa hakuna mdudu. Usikubali goti la mtoto lichomwe sindano ya kupunguza uvimbe kwa ugonjwa huu, kwa sababu dawa hiyo huweza kuidhoofisha kano. Na chale usichanje: hazifiki kwenye mfupa, lakini zinaweza kuingiza vijidudu.

Sita, arudi uwanjani kwa hatua. Akishatembea na kupanda ngazi bila maumivu, na kinundu hakiumi kikiguswa kidogo, aanze kukimbia polepole kwa wiki moja. Wiki inayofuata aongeze mpira bila kuruka, kisha kasi na kuruka, na mechi iwe ya mwisho. Maumivu yakirudi, arudi hatua moja nyuma bila kukata tamaa. Viatu visivyombana na vyenye soli laini husaidia, lakini kukosa viatu si chanzo cha ugonjwa huu.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu si kila goti linalouma ni hili. Mpeleke mtoto hospitali bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya: maumivu yanayomwamsha usiku au yanayouma hata akipumzika, homa, goti lenyewe kuvimba, kuwa la moto au jekundu, kupungua uzito, goti kukwama lisikunjike au lisinyooke, au maumivu ya ghafla baada ya kuruka, akashindwa kukanyaga au kunyoosha mguu. Mtoto mwenye selimundu anayeumwa mfupa asisubiri nyumbani. Kumbuka pia kwamba tatizo la nyonga kwa kijana huweza kujitokeza kama maumivu ya goti. Akichechemea na mguu umegeukia nje, asiukanyage, abebwe hadi hospitali. Wakazi wa Mungaa mna hospitali ya Makiungu jirani. Maambukizi ya mfupa, kifua kikuu cha kiungo na saratani ya mfupa ni nadra kuliko Osgood-Schlatter, lakini havingoji.

Kwa kinundu cha kawaida, daktari mara nyingi hutambua ugonjwa kwa kuuliza maswali na kugusa tu. Picha ya eksirei si lazima kwa kila mtoto, kwa hiyo usidhani umepuuzwa usipoandikiwa.

Nimalizie maisha ya Bikila, kwa sababu hayakuishia Mexico. Machi 1969 alipata ajali ya gari na kupooza miguu. Alitibiwa kwa miezi mingi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakutembea tena, lakini alirudi michezoni: alishiriki mashindano ya watu wenye ulemavu kwa kulenga shabaha kwa upinde, na mwaka 1971 alishinda mbio za kuteleza kwenye theluji kwa sleji nchini Norway. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 akiwa na miaka 41, na Addis Ababa ilijaa waombolezaji. Leo anakumbukwa kwa Roma na Tokyo. Zile kilomita 17 za Mexico hazikumpunguzia chochote.

Kijana wa Mungaa aliukosa mchujo wa mwaka ule. Sikuweza kumwondolea uchungu huo, naye alilia mbele yangu. Baba yake alinyamaza kwa muda, kisha akauliza zoezi la khanga linafanywaje, akainama akajaribu mwenyewe. Ilichukua karibu miezi mitano kabla kijana hajacheza mechi nzima. Sasa yuko kidato cha kwanza na ni winga tena. Kinundu bado kipo, hakiumi, ila hapendi kupiga magoti kwenye sakafu ngumu.

Kama wako anachechemea leo, mpumzishe kabla ya mechi ya kesho. Ana miaka mingi ya kukimbia mbele yake, na Bikila hakuianza yake mpaka alipokuwa mtu mzima.